Hesabu ya Maneno ya Baba

Jumanne, 28 Oktoba

Hajazaliwa mtu ambaye mimi, Asger, nimeshindwa kumchekesha. Maiti wa makaburi ya kanisa letu washukuru sina nafasi nao, maana ningewachekesha mpaka wadai warudishiwe mapafu. Nimemchekesha mchungaji katikati ya mazishi ya mama yake mzazi. Nimemchekesha polisi aliyenikamata na pikipiki isiyo na taa, akaondoka amesahau faini. Mwalimu mkuu aliponifukuza shule alikuwa anafuta machozi ya kicheko, na barua yenyewe ina doa mpaka leo. Mama ameihifadhi kwenye droo ya vijiko, sijui kwa nini.

Nina miaka kumi na saba, na daftari hili silo wazo langu. Limeletwa na posta kutoka kwa Gudrun, mshauri wa familia tutakayeanza kumwona Alhamisi. Kila mtu nyumbani amepata lake. Ndani ya jalada ameandika kwa mkono: "Kila siku mstari mmoja au zaidi. Usiandike wengine walivyokosea. Anza na neno 'mimi'." Basi mimi nimeanza na mimi. Nadhani nimeshafaulu, waendelee wengine.

Tunaenda kwa sababu ya Baba. Hii si siri, hata mbwa wa jirani anajua. Miaka miwili na nusu iliyopita Baba aliuza ng'ombe wote, mia moja na arobaini. Tangu asubuhi ile lori lilipoondoka nao, Baba haongei. Si kwamba amekuwa bubu. Anasema "chumvi." Anasema "mlango." Tumebaki na miti ya Krismasi, ambayo Mama aliipanda miaka kumi iliyopita kwenye kona ya mchanga ambako hakuna kilichowahi kukubali kuota, na Baba akamcheka. Sasa miti ndiyo inayotulisha, na hakuna anayecheka isipokuwa nikifungua mdomo mimi.

Jana nilisikiliza mlangoni pa jikoni. Haya, nimekiri, tuendelee. Mama alimwambia Baba: "Gorm, nimesubiri vya kutosha. Nasubiri mpaka Krismasi. Kama mpaka Krismasi hujaniambia una nini moyoni, nahamia mjini Holstebro. Nyumba nimeshaiona."

Baba akasema: "Sawa."

Kwa hiyo nimeanza kuhesabu. Maneno ya Baba leo: sita.

Alhamisi, 30 Oktoba

Chumba cha Gudrun kiko juu ya kiwanda cha zamani cha maziwa. Hakina meza. Kuna viti sita, mito sakafuni, na kamba za rangi rangi zimetundikwa ukutani kama za watoto za kurukia. Gudrun ana miaka sitini hivi, viatu vya kiume, na sweta kama kondoo aliyekataa kunyolewa.

"Karibuni," alisema. "Mimi ni Gudrun, na leo nina woga kidogo."

"Unatuogopa sisi?" Mama akamuuliza.

"Kila familia mpya naiogopa. Ninyi mnajuana, mgeni ni mimi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hatuumi, isipokuwa Tilde, na yeye tumeshamchanja. Tilde ni dada yangu, ana miaka ishirini, anasomea uuguzi Aarhus na alikuja kwa treni kwa ajili ya kikao. Alinipiga teke la mguu. Mama akacheka. Hata Baba, mdomo wake ulijikunja upande mmoja. Bao moja kwangu.

Gudrun ana sheria moja anayoilinda kama yai. Mtu akisema jambo, hakuna kumjibu mpaka avute pumzi tatu.

"Si pumzi zako wewe unayesubiri," alisema. "Pumzi zake yeye. Mwangalie kifua."

"Kwa nini tatu?" nikauliza. "Kwani tuna pumu?"

"Kwa sababu lile zito hutoka mwisho. Mtu husema, hupumua, halafu ndipo husema lenyewe."

Maneno ya Baba: saba. Manne kati ya hayo ni "sijui".

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Maneno: mawili. "Viatu. Nje."

Jumatatu, 10 Novemba

Msimu umeanza. Costel, kibarua wetu wa msimu, amefika kutoka Romania, mwaka wa sita huu, na msumeno wake mwenyewe ameufunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Costel anakata, mimi navuta, Baba anaipitisha miti kwenye mashine inayoifunga kwa nyavu, na Mama anatembea mbele akisoma utepe. Mwekundu ni wa miti ya wanunuzi Wajerumani, wa bluu ya hapa nchini. Usio na utepe hauguswi, huo bado unakua.

Mimi peke yangu nilivuta miti mia mbili, rekodi ya wilaya.

"Mia mbili, Bwana Waziri," alisema Costel, "ukihesabu na ile niliyovuta mimi." Ananiita Bwana Waziri kwa sababu, eti, naongea sana na nabeba kidogo.

Baba alisikia. Alinitazama akatikisa kichwa, na kwa Baba hiyo ni hotuba. Maneno: tisa.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo lazima niandike ukurasa mzima, maana nilikuwa nyota.

Gudrun alisema leo tutatengeneza sanamu. Mmoja anawapanga wengine kama udongo, hakuna kusema, unawashika mikono na vichwa unawaweka vile unavyoiona familia yako. Akauliza nani aanze. Wote wakatazama viatu. Mimi nikasimama kama ninaitwa kupokea kikombe.

Baba nilimpeleka dirishani, uso nje, mikono kifuani. Nilipomshika mabega yalikuwa magumu kama nguzo ya lango. Mama nilimweka katikati ya chumba, kidole kimenyooka kumlenga Baba mgongoni. Tilde nilimpigisha magoti kati yao, mkono mmoja ameshika sketi ya Mama na mwingine suruali ya Baba, kama mtoto anayeomba peremende kwa watu wawili wenye ugomvi. Mimi mwenyewe nikapanda kwenye kiti nikaanza kucheza ngoma bila ngoma, nyonga huku, ulimi nje.

Tilde alicheka mpaka akaangukia mto. Mama kidole kilitetemeka kwa kicheko.

"Kaeni hivyo hivyo," alisema Gudrun. "Dakika tatu. Kimya."

Dakika tatu ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Baada ya moja, kicheko kiliisha. Baada ya mbili niliona mkono wa Mama unashuka polepole kwa uchovu, na yeye anaupandisha tena, kama mtu aliyeambiwa ni lazima. Mgongo wa Baba haukusogea. Mimi niliendelea kucheza. Miguu iliuma.

"Asger," Gudrun aliniita kwa sauti ya chini, "ukishuka hapo juu, nani ataanguka?"

"Hakuna. Sakafu imara."

Hakucheka. Alisubiri pumzi zangu tatu, na mimi nikaziharakisha ili ziishe.

Halafu akamuuliza Mama yuko vipi hapo alipo. Mama akasema: "Mkono unaniuma. Na nauona mgongo tu. Miaka miwili nauona mgongo tu." Akasita, akajirekebisha kama tulivyofundishwa. "Mimi napaona ni mbali."

Tukiwa kwenye gari Mama aliniambia: "Ulitupanga vizuri, Asger. Lakini angalia, mzaha mzaha hutumbua usaha." Nikamwambia usaha ukitumbuka si ndiyo kupona, yeye muuguzi Tilde atuambie. Tilde akasema inategemea nani anatumbua, na kwa kidole gani.

Maneno ya Baba: kumi na manne. Yanapanda.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua na upepo. Matano.

Jumanne, 18 Novemba

Nimefanya kosa. Naliandika haraka liishe.

Ukungu ulikuwa mzito, na mimi nilimwambia Costel safu ya nane yote ina utepe, nimeiona kwa macho yangu. Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nasimulia hadithi ya mchungaji, na sikutaka kuikatiza kwenda kutazama. Costel akakata. Ukungu ulipopanda, miti thelathini na miwili ilikuwa imelala chini na hakuna hata utepe mmoja. Ilibakiza miaka miwili. Midogo, kifuani kwangu tu.

Baba alikuja. Nikasema labda tuwauzie watu wafupi. Costel akatazama pembeni.

Baba akapiga goti, akaweka kiganja juu ya kisiki kimoja, pale palipokatwa, panapotoa utomvu. Akakiacha hapo kwa muda. Akainuka, akaanza kuivuta pembeni mmoja mmoja, na mimi nikavuta naye, na hakuna aliyenigombeza. Ningeona afadhali kofi.

Maneno: sifuri.

Alhamisi, 20 Novemba

Kikao cha tatu. Gudrun alitufunga kamba viunoni, kila mmoja kwa kila mmoja, kisha akasema kila mtu aende anakotaka kwenda. Tilde mlangoni, Mama kwake Gudrun, Baba dirishani. Mimi nilizunguka nikawafunga wote kama miti kwenye wavu. Tulicheka. Kumi na mawili.

Jumapili, 23 Novemba

Nimesoma daftari la Tilde, amelisahau kitandani. Kila ukurasa umeanza na "mimi". Ukurasa mmoja: "Mimi nampenda Asger lakini nachoka kucheka." Nililirudisha kama nilivyolikuta. Sijui alikuwa anazungumzia Asger gani.

Alhamisi, 27 Novemba

Kikao cha nne. Hii sikuitarajia.

Gudrun aliweka viti viwili vikitazamana, akamkalisha Mama kimoja na Baba kingine, magoti yamegusana. Mimi na Tilde tukakaa sakafuni ukutani. Alinitazama mimi hasa. "Ninyi wawili leo ni mashahidi. Shahidi hana kazi nyingine."

Mama alisema: "Gorm. Mimi naogopa. Nakula peke yangu na mtu yuko mezani." Pumzi. "Ng'ombe walikuwa na majina na ulikuwa unayajua yote. Mia moja na arobaini. Mimi nilidhani siku moja utaniambia uliwaagaje." Pumzi. Pumzi. "Mimi sina hasira na wewe. Nimechoka tu kubisha hodi."

Vidole vyangu vilianza kuwasha. Nilikuwa na jambo zuri sana la kusema kuhusu hodi. Nilikaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, niliikalia.

Baba alitazama magoti yao. Akasema: "Nimesikia, Vibeke."

Miaka miwili na nusu sijamsikia akitamka jina la Mama. Gudrun alimsubiri pumzi zake tatu. Kisha akamwambia Baba: "Wiki ijayo, ukitaka, zamu yako. Hulazimishwi." Baba akatikisa kichwa, ndiyo.

Njiani kurudi Mama aliendesha, na mkono wa Baba ulikuwa kwenye kiti karibu na wa kwake. Haukugusa. Karibu.

Jumatatu, 1 Desemba

Baridi kali, matawi yana chumvi ya barafu, wavu unakatika ovyo. Siku bora ya msimu. Tulikuwa kwenye mashine, mimi na Baba, mvuke unatutoka puani kama farasi. Akasema, bila kuulizwa:

"Mama yako alikuwa sahihi kuhusu kona hii. Mimi nilimcheka."

Nikataka kumwambia niende nikamwambie Mama, akaniwahi. "Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe. Alhamisi."

Jumla ya leo, pamoja na aliyomwambia Costel: thelathini na moja. Nilimwambia Costel kwamba ni mimi niliyemponya, kwa dawa ya vichekesho. Costel akasema, "Bwana Waziri, hata jogoo hudhani yeye ndiye anayechomoza jua." Nikacheka. Mama alipita na utepe, akauliza tunacheka nini, akacheka bila kujua. Kwa mara ya kwanza nilisahau ile nyumba ya Holstebro.

Alhamisi, 4 Desemba

Kikao cha tano. Baba alianza kusema. Kisha tukacheka. Kisha muda ukaisha.

Ijumaa, 5 Desemba

Ukungu. Sikuhesabu.

Jumamosi, 6 Desemba

Sifuri. Labda nilikuwa mbali sikusikia.

Jumapili, 7 Desemba

Gudrun alisema daftari ni la kukiri pia, basi nakiri. Ni mimi niliyevunja kioo cha taa ya trekta mwezi wa Agosti, nikasingizia tawi. Ni mimi niliyekula lozi zote za kwenye kabati la juu, na Mama akadhani amesahau kununua. Sikuwa mgonjwa siku ya mtihani wa hesabu. Pia mchungaji hakucheka kwenye mazishi. Alikohoa, na mimi nikaeneza kwamba alicheka.

Nimeandika mengi lakini usingizi hauji.

Jumatatu, 8 Desemba

Mvua. Baba alipitisha miti mia tatu kwenye mashine bila kuinua kichwa. Nilimsimulia ile ya mkulima na farasi wa jirani, na ile ya nguruwe aliyekwenda kanisani. Alitabasamu zote mbili. Anatabasamu vizuri sana, Baba, kama mtu anayekupa kiti ili asikae na wewe.

Sifuri.

Jumanne, 9 Desemba

Nakiri pia safu ya nane. Nilishakiri? Basi mara ya pili.

Costel aliniambia: "Umekuwa mtu wa kanisani, Bwana Waziri. Kila siku unaniomba radhi kwa kitu. Jana kwa chai, leo kwa glavu. Umeua mtu?"

"Bado," nikamwambia.

"Basi acha kuniomba mimi. Mimi hujanikosea."

Alhamisi, 11 Desemba

Kikao cha sita. Baba hakuja. Alikuwa amevaa viatu, amekaa kwenye ngazi, na tulipotoka akasema, "Nendeni tu." Mama alisimama na funguo mkononi muda mrefu. Halafu tukaenda watatu.

Kiti chake Gudrun hakukiondoa. Aliuliza kila mmoja amebaki na nini kutoka Alhamisi iliyopita. Mama akasema: "Mimi nilicheka. Nilikuwa nimesubiri miaka miwili na nusu, na nilipopewa nikacheka. Kila nikifumba macho naona uso wake." Akalia, bila kelele. Tilde akasema: "Mimi pia nilicheka."

Gudrun akanigeukia. "Na wewe, Asger?"

"Sisi sote tulicheka," nikasema.

"Anza na mimi," akaniambia taratibu.

Nikasema mimi nina njaa.

Hakuna aliyecheka. Gudrun alisubiri pumzi zangu, zote tatu, na nilikuwa na nafasi, nafasi kubwa kama lango la ghala, na nikatazama zile kamba ukutani mpaka akamgeukia mtu mwingine.

Jumapili, 14 Desemba

Tilde alipiga simu. Mama amelipa malipo ya kwanza ya nyumba, anahama Jumamosi, hasubiri tena Krismasi.

"Ongea na Baba," nikamwambia.

"Nimeongea. Anasema sawa, sawa, kila kitu sawa." Nyuma yake nilisikia wenzake wa bweni wanaosha vyombo. "Unajua nawaza nini, Asger? Alikuwa anaelekea kusema. Ilikuwa imeshafika hapa kooni, tuliiona wote. Kisha tukacheka."

"Ndiyo. Sote."

"Sote," alisema. "Lakini nani alianza?"

Nikamwambia basi langu limefika, lazima nikate. Nilikuwa katikati ya shamba la miti. Basi halijawahi kupita hapo tangu Mungu aumbe huku kwetu Jutland.

Jumatano, 17 Desemba

Lori la mwisho la Wajerumani. Costel amekwenda kwao, ameniachia glavu zake. "Zinakutosha sasa," alisema. Shamba limebaki visiki na matope. Jua linazama kabla ya saa kumi.

Jumamosi, 20 Desemba

Mama amehama.

Alichukua nguo, cherehani ya mama yake ile ya mkono, na droo ya vijiko akaimwaga mezani akatoa barua yangu ya kufukuzwa shule. "Hii naenda nayo," alisema. Nikamuuliza kwa nini kati ya vitu vyote. Akasema: "Kwa sababu siku ile nilikukuta nyuma ya nyumba unalia, na uliponiona ukaanza kucheza ngoma. Nilicheka. Nilitakiwa nisicheke. Naiweka inikumbushe."

Baba alimbebea masanduku mpaka kwenye gari. Walisimama. Mama alimsubiri. Nilikuwa dirishani na nilihesabu kifua cha Baba kikipanda: moja, mbili, tatu, nne. Tisa nilizihesabu. Kisha Baba akamfungulia mlango wa gari, kwa heshima, kama mgeni.

Jumatano, 24 Desemba

Mama alinialika Holstebro pamoja na Tilde. Nilikataa, kwa sababu kuna mtu lazima amshike Baba mkono.

Sisi watu wa miti tuna desturi yetu. Mti mzuri hatuuchukui, huo ni wa kuuza. Wa nyumbani ni ule ambao hakuna aliyeutaka. Baba aliukata mchana, una vilele viwili kama pembe, na upande mmoja hauna matawi. Tulikula nyama ya nguruwe ya ngozi kavu, na uji wa wali wenye lozi moja ndani yake, anayeipata hupewa zawadi. Baba aliipata lozi. Aliitoa mdomoni akaiweka pembeni mwa sahani, hakudai zawadi yake.

Kisha tukawasha mishumaa tukasimama kuuzunguka mti na kuimba, maana hivyo ndivyo kila nyumba inavyofanya, mnashikana mikono mnazunguka. Nilimshika Baba mkono wa kulia. Tukanyoosha ile mingine kuuzunguka mti. Haikukutana. Kati ya vidole vyangu na vyake, nyuma ya matawi, palibaki kama hatua nzima. Tulijaribu kusogea. Sindano zilituchoma mashavu. Watu wawili hawawezi kuuzunguka mti.

"Mikono mifupi," alisema Baba. Akanitazama, akisubiri. Alikuwa ananisubiri mimi niseme kitu cha kuchekesha, kama kawaida, ili tuendelee.

Sikuwa nacho. Mara ya kwanza maishani mwangu nilitafuta, na mle kichwani mlikuwa mtupu.

Nikasema: "Baba, siku ile kwa Gudrun. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Akavuta pumzi. Moja. Nilikitazama kifua chake. Mbili. Mishumaa ilikuwa inachuruzika. Tatu.

"Imeshapita, mwanangu," alisema. Akanipigapiga begani. "Ilichekesha ile."

Akazima mishumaa mmoja mmoja kwa vidole vilivyolowa, akaenda kulala.

Nimesoma daftari hili lote tangu Oktoba. Nimekiri taa ya trekta, lozi, mtihani, mchungaji, miti thelathini na miwili, na daftari la Tilde. Na mahali pote pale panapohusika nimeandika "tulicheka". Gudrun alisema tuanze na mimi.

Mimi. Tarehe 4 Desemba, Baba alikaa mbele ya Mama, magoti yamegusana, na akasema: "Asubuhi ile lori lilipokuja kuwachukua ng'ombe, mimi nilikuwa nyuma ya ghala." Maneno kumi na moja. Nilihesabu, ila sikuyaandika. Macho yake yalikuwa yanajaa machozi. Sijawahi kuyaona yakijaa, na niliogopa, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na mdomo wangu ukafanya kile unachojua kufanya. Nililia kama ng'ombe. Mooo, ndefu, na shingo nimeinyoosha. Mama akacheka kwa kushtuka, Tilde akacheka, na Baba akacheka wa mwisho, akaufunga mdomo akiwa bado anacheka. Gudrun alimwambia, "Gorm, endelea." Akasema, "Si kitu."

Sheria ni pumzi tatu. Mimi nilimpa nusu.